Ufunguo unaingia lakini hauzunguki

*Corolla yangu ya 1998 hunisumbua asubuhi: ufunguo unaingia ila hauzunguki. Je, ninunue swichi mpya? – Msomaji, Njoro*

Usinunue bado, ndugu msomaji. Mara nyingi usukani ndio umejifunga. Utikise kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo taratibu.

Ikishindikana, jaribu ufunguo wa akiba. Ule wa kila siku hulika meno, na vumbi letu jepesi la Bonde la Ufa hukwamisha vibati vidogo vilivyo ndani ya swichi. Kwaruza ncha ya penseli, upake unga wake mweusi menoni, kisha ingiza na kutoa mara kadhaa. Mafuta ya kupikia hapana, hunasa vumbi. Koleo pia usiliguse, maana ufunguo ukivunjikia ndani gharama hupanda. Wa akiba nao ukikataa, mwite fundi wa vitasa.