Jumatano: Gharama ya Kuacha

Soma Matendo 19:18–20. Vitabu vya uganga vilivyochomwa Efeso vilikuwa na thamani gani? Unadhani kwa nini Luka aliona vema kutaja bei?

Vipande elfu hamsini vya fedha. Wengi hukadiria kipande kimoja kuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo kilichoteketea siku ile kilikuwa riziki ya watu. Walioamini walirudi nyumbani bila kazi waliyoizoea.

Tulete jambo hili Mabwerebwere, huku Kilosa. Tukifundisha juu ya kiasi, mara nyingi tunamtazama mnywaji, na Mithali 23:29–35 inamweleza vizuri: macho mekundu, majeraha yasiyo na sababu, na asubuhi anatafuta tena. Lakini gongo ina mpishi. Tuseme ni mama wa watoto wanne. Ufuta wake haukujaza hata gunia. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula havikufutwa. Anachonacho ni pipa, bomba na wateja wanaokuja wenyewe jioni.

Viroba vilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi, 2017, navyo vikaondoka madukani. Gongo haihitaji duka wala kiwanda. Hupikwa nyuma ya nyumba, na hakuna anayepima nguvu yake. Wapo wauzaji wanaoiongezea spiriti ya viwandani. Spiriti hiyo ikiwa na methanoli, hata kiasi kidogo huweza kumpofusha mnywaji au kumwua.

Soma Habakuki 2:15. Ole hii inamwangukia nani?

Hatuwezi kuilegeza ole hiyo kwa sababu mama huyu ni maskini. Wanaolewa kwake wana watoto pia, na huenda watoto hao wanalala njaa usiku uleule anapohesabu fedha zake. Sasa amekuja Sabato tatu mfululizo na anaomba ubatizo. Tunamwambia, sawa, dada, kwanza vunja pipa. Ni neno la kweli. (Ni rahisi pia kulisema ukiwa na mshahara.) Akilivunja Jumapili, Jumatatu atapika nini?

Soma Luka 3:10–14. Makutano walimwuliza Yohana wafanye nini. Watoza ushuru na askari waliambiwa waache nini katika kazi zao? Na kabla yao, mwenye kanzu mbili aliambiwa nini?

Angalia mpangilio huo. Agizo la kugawana lilitangulia agizo la kuacha dhuluma. Akina mama wa Dorkasi wanaweza kumfikishia debe la mahindi. Kikundi cha VICOBA kinaweza kumpokea kabla hajawa na hisa ya kwanza. Mwenye shamba la bondeni anaweza kumpa kipande alime mboga msimu mmoja.

Zungumzeni darasani: Mama huyu akivunja pipa lake wiki hii, nani kati yetu atabeba nini, na kwa miezi mingapi? Tajeni vitu, si nia njema tu. Na wale wateja wake wa jioni, nani atawatembelea?