Somo la TEHAMA: Programu Saidizi Inapogoma Kuandika Kwenye Teminali

Mfanyakazi mwenye ulemavu wa mikono anaweza kutumia tarakilishi kwa kutamka maneno au kuchagua herufi kwenye kibodi ya skrini. Programu saidizi humbonyezea vitufe. Barua huandikika vizuri, lakini kwenye teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, huenda herufi zisitokee. Kabla ya kusema programu imeharibika, fuata hatua hizi.

1. Jaribu kwanza kwenye Notepad au kihariri kingine. Maneno yakitokea huko, programu ni nzima. Kizuizi kiko kwenye teminali.

2. Kagua mamlaka. Windows huzuia programu ya kawaida kutuma vitufe kwa dirisha lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Hii ni kinga dhidi ya programu hasidi. Fungua teminali kwa njia ya kawaida. Kazi ikihitaji mamlaka hayo, mwombe afisa wa TEHAMA aipe programu saidizi kiwango hicho hicho.

3. Kwenye Linux, kagua mfumo wa skrini. Zana kama xdotool ziliundiwa X11. Madirisha ya Wayland hayapokei vitufe vyake. Unapoingia, chagua Xorg ikiwa ipo.

4. Kagua njia ya kubandika. Baadhi ya programu hubandika maneno kwa Ctrl+V, lakini teminali nyingi za Linux hutaka Ctrl+Shift+V. Badilisha mpangilio huo.

5. Zima herufi kubwa na nukta za kujiweka zenyewe. Kwa Linux, “Ls.” si “ls”.

6. Herufi zikirukwa, punguza kasi ya kutuma vitufe.

Nywila isipoonekana unapoiandika kwenye Linux, hiyo si hitilafu, imefichwa makusudi.

Tahadhari: soma amri yote kabla ya kubonyeza Enter. “rm -r ripoti*” hufuta vilivyoanza kwa jina ripoti. Programu ikiongeza nafasi moja, ikawa “rm -r ripoti *”, takriban kila kitu kwenye folda hiyo kitafutwa, na hakitapatikana kwenye pipa la taka.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kwa hivyo, maafisa wa TEHAMA, mwenzenu akileta tatizo hili, msimwambie atafute mtu wa kumwandikia. Rekebisheni mpangilio ili aendelee na kazi yake mwenyewe.