SOMO KWA WAZAZI WAFANYAKAZI: MTOTO ANAPOANZA KUSHIKA CHAKULA CHAKE



Somo la safari hii ni la chakula cha mtoto wa miezi minane hadi mwaka mmoja, yaani yule aliyekwisha kuzoea uji na sasa anataka kunyakua kila kilichomo sahanini. Huenda ndugu wanaume wakataka kufunua ukurasa mwingine. Tunawaomba wakae. Mtoto huyo ni wa nyumba nzima, na mshahara unaomlisha huzungumzwa katika mikutano ile ile ya tawi ambayo wao hawaikosi.

Tuchukue mfano wa mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda, huko Kabarole, Kyenjojo na Bushenyi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa malipo kamili. Kwa mtu afanyaye kazi siku sita kwa wiki, hizo ni wiki kumi tu. Basi mtoto anapofikia umri wa kuketi mwenyewe na kunyosha mkono, mama yake amekwisha kurudi shambani miezi mingi. Alfajiri majina yanaitwa, nyapara hangoji mtu, na kikapu hakijai kwa maneno. Mtoto amebaki kambini na bibi yake au, mara nyingi kuliko tupendavyo kukiri, na dada yake wa miaka tisa ambaye angestahili kuwa darasani. Analishwa nini? Uji wa mahindi asubuhi, uji ule ule mchana, na jioni posho iliyochovywa katika mchuzi wa maharage. Tumbo limejaa, lakini kwenye mizani mtoto haongezeki.

Wazazi wengi wakielezwa habari ya kubadili chakula husema, "Mbona tunabadili? Leo posho, kesho matoke, keshokutwa mihogo." Hapo ndipo penye kosa. Posho, matoke, mihogo, wali na viazi vyeupe ni fungu moja tu, fungu la vyakula vya kutia nguvu. Kumbadilishia mtoto ndani ya fungu hilo ni kama kumbadilishia mtu shati na kumwacha bila suruali. Madaktari wa Hospitali ya Mulago walilijua jambo hili zamani. Trowell, Davies na Dean walichapisha kitabu chao juu ya kwashiakoo mwaka 1954 baada ya kazi ya miaka mingi mjini Kampala, na kituo cha Mwanamugimu, kilichoanza Mulago katika miaka ya 1960, kikawafundisha akina mama kupika kitobero. Kitobero ni mchanganyiko wa chakula cha nguvu, kwa mfano matoke, pamoja na maharage au karanga, na kitu chenye asili ya mnyama kama samaki au maziwa. Vyote hufungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke juu ya chungu cha wakubwa. Hakuna sufuria ya pili, hakuna kuni za ziada.

Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF hugawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika mafungu manane, na hutaka apate angalau mafungu matano kila siku. Yahesabuni kwa vidole vya mkono mmoja. Kidole gumba ni maziwa ya mama, ambayo ni fungu zima peke yake na yaendelee hadi miaka miwili au zaidi. Cha pili ni chakula cha nguvu. Cha tatu ni jamii ya kunde, maharage, karanga na ufuta. Cha nne ni nyama, samaki, dagaa au ini. Cha tano ni mboga na matunda yenye rangi ya manjano au kijani kibichi, kama papai, malenge, na dodo, ambayo Watanzania huiita mchicha na wenzetu wa Kongo lengalenga. Mafungu yaliyobaki ni mayai, maziwa ya ng'ombe au mtindi, na matunda mengine. Lolote kati ya hayo laweza kujaza pengo la kidole kimoja. Usiku, kabla ya kulala, mzazi atazame mkono wake na kuuliza ni kidole gani hakikupata kitu leo. Hicho ndicho cha kushughulikia kesho.

Sasa tuje kwenye mikono ya mtoto mwenyewe. Mtoto wa miezi sita au saba hushika kwa kiganja kizima, na kilichomo ndani ya ngumi hawezi kukila. Huyo apewe kipande kirefu kama kidole cha mtu mzima, ili ncha itokeze nje. Karibu na mwezi wa tisa huanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada. Hapo vipande viwe vidogo. Kipimo cha ulaini ni hiki: bonyeza kipande katikati ya vidole viwili, kikipondeka bila kutumia nguvu, ufizi wa mtoto utakiweza hata kama hana jino. Kisipopondeka, rudisha chunguni. Wala msichelewe. Mtoto anayefikisha miezi kumi bila kuonja kitu chenye vibonge-bonge huwa mgumu kulisha baadaye, hutema kila kisicho laini kama uji.

Chakula cha mtoto kitoke katika chungu cha nyumba, ila chake kipakuliwe kabla ya kutia chumvi na pilipili. Siku ya matoke, toa ndizi mbili kabla ya kuponda, zikate vipande virefu. Maharage ya siku hiyo yamenywe ganda, na kila punje ibonyezwe iwe bapa. Parachichi lililoiva halikosekani kambini, na tabu yake ni kuteleza mkononi. Dawa ni kukigaragaza kipande katika unga wa karanga zilizokaangwa, au wa ufuta, au wa mukene. Kwa njia hiyo mtoto anashika vizuri, na vidole viwili vya hesabu yetu vimepata kwa tonge moja.

Juu ya mukene, ambao ng'ambo ya ziwa huitwa dagaa, yafaa tukae kidogo, maana wengi huwadharau na kungoja nyama ya sikukuu. Mukene huliwa mzima na mifupa yake, na bei yake kibarua anaimudu. Waliokaushwa chini huja na mchanga, kwa hiyo waoshwe katika maji mengi, waanikwe tena, wakaangwe bila mafuta mpaka wakauke kabisa, kisha watwangwe na kuchekechwa. Unga huo ukiwekwa katika kopo kavu lenye kifuniko utatumika wiki nzima. Kijiko kimoja katika uji, kidogo juu ya kiazi, kidogo ndani ya yai. Anayepanga chakula cha mtoto aanze na kopo hilo, mengine yatafuata.

Siku ya viazi vitamu, pendelea vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo katika hesabu ya vidole huingia upande wa papai na malenge kwa ajili ya vitamini A yake. Mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa viazi hivyo. Mbegu yake ni mashina tu, jirani humpa jirani, na mahali pa kupanda nyuma ya nyumba hupatikana. Siku nyingine piga yai moja pamoja na dodo iliyokatwakatwa, likaange likauke pande zote, kisha likate vipande vyembamba kama utepe. Wiki ya mshahara nunua ini kidogo. Mara moja kwa wiki yatosha, nalo liive kabisa na kukwanguliwa liwe laini. Nyama ichemshwe mpaka ichambuke kwa mkono, ikatwe fupi fupi. Posho nayo inafaa, vitonge vidogo visivyo vikavu, vichovywe katika mchuzi wa karanga. Karanga au mahindi yenye ukungu yasiletwe karibu na mtoto hata baada ya kuoshwa, kwa kuwa sumukuvu haitoki kwa maji wala kwa moto wa jikoni.

Na chai? Tunaichuma sisi, lakini si ya mtoto. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, na mtoto wa umri huu anayahitaji sana. Kipande cha papai au chungwa lisilo na mbegu baada ya maharage hufanya kinyume chake, husaidia madini hayo kuingia mwilini. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwani yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Sukari, soda na biskuti za dukani hazina kidole chochote katika mkono wetu.

Kwa wingi, mtoto wa miezi tisa hadi kumi na moja ale mara tatu au nne kwa siku, kila mara kiasi cha nusu kikombe cha mililita 250, na kitu kidogo katikati akitaka. Atamwaga. Atapaka kichwani. Kilichoanguka kisihesabiwe kuwa kimeliwa, wala asipigwe kwa ajili hiyo.

Sasa inakuja shida yenyewe ya mfanyakazi. Vipande vya kushika vyataka jicho la mtu mzima. Msichana wa miaka tisa aweza kubeba mtoto, aweza kumwimbia, lakini si haki kumwachia kazi ya kuokoa mtoto aliyekabwa. Kwa hiyo ratiba tunayoipendekeza imegawanyika. Vipande vitolewe wakati baba au mama yupo, yaani jioni na siku ya Jumapili, na alfajiri kama nafasi ipo. Mama anapowasha sigiri, baba aketi mkekani na mtoto na sahani yake. Saa za kazi zinapokuwa za mlezi mdogo, mtoto apewe chakula cha kijiko: uji mzito uliotiwa unga wa mukene na karanga, au ndizi mbivu na parachichi vilivyopondwa. Vitu vyenye ganda lake vina faida nyingine, havichachi kabla ya kumenywa. Chakula kilichopikwa alfajiri na kukaa wazi hadi mchana kimekwisha kuwa hatari, kwa maana saa mbili katika joto la kambini zatosha kukiharibu. Uji umiminwe ukichemka katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji moto, ufunikwe mara moja, utumike ungali moto na kupozwa katika bakuli tu. Mikono ya mlishaji na ya mtoto ioshwe kwa sabuni.

Karanga nzima, mahindi ya kuchoma, karoti mbichi, vipande vya muwa na peremende vikae mbali kabisa. Mtoto akikohoa na kuwa mwekundu, mwache akohoe, anajisaidia. Akinyamaza, hawezi kulia wala kuvuta pumzi, hapo ndipo pa kukimbia. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mara tano kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Ikishindikana mgeuze, bonyeza katikati ya kifua mara tano, na urudie huku mwingine akiita msaada. Usitie kidole kinywani kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Kila mwezi mtoto apelekwe kupimwa. Wahudumu wa afya wa vijijini wana utepe wa kupimia mkono wa juu: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, naye apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mtoto ameanza kupungukiwa. Akiugua aongezewe kunyonya, na akipona apewe mlo mmoja zaidi kila siku kwa wiki mbili.

Hayo ni ya jikoni. Yaliyobaki hayamalizwi na kopo la mukene. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unasema mama anayenyonyesha apewe mapumziko ya kunyonyesha kila siku au apunguziwe saa, na muda huo uhesabiwe kuwa ni wa kazi na ulipwe. Mchumaji anayelipwa kwa kilo atauliza, na kwa haki, mapumziko hayo yatalipwaje. Swali hilo lijibiwe ndani ya mkataba wa hali bora kwa tarakimu, si kwa ahadi ya mdomo ya nyapara. Pamoja nalo liwepo dai la nyumba ya kulelea watoto karibu na mahali pa kupimia majani, yenye maji, sabuni na mlezi mtu mzima anayelipwa, ili yule dada wa miaka tisa arudi shuleni.

Tawi linalotaka kulipeleka jambo hili mezani lianze na daftari. Liandikwe ni watoto wangapi wa chini ya miaka miwili wamo katika kila kambi, nani anashinda nao, ni dakika ngapi kwa miguu kutoka shamba la mbali hadi nyumbani, na ni kilo ngapi mama hupoteza akienda kunyonyesha na kurudi. Daftari hilo lipitiwe na kamati ya wanawake kwanza, kisha likabidhiwe kwa katibu wa tawi kabla ya mazungumzo ya mshahara kuanza.