Breki Inayokamata



Umepanda kutoka Mombo hadi Soni, zile kona unazijua. Gari halivuti, na ukisimama unasikia harufu ya kuungua. Usikimbilie kulaumu injini. Hata gari la mashindano hushindwa hivi. Sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Yenye joto kuliko nyingine, breki yake imekamata.

Gari likipoa, zuia matairi kwa mawe, piga jeki, zungusha tairi kwa mkono. Likiwa gumu, fundi afungue kidogo nipo ya kutolea upepo. Tairi likiachia, kuna presha iliyobaki ndani: mguu umeshatoka kwenye pedali, ila mafuta hayajarudi. Huenda mpira wa breki umeziba ndani, au ni masta silinda. Lisipoachia, pistoni au pini za kalipa zimeshika kutu; zisafishwe au zibadilishwe.

Sasa jiangalie. Kuna ugomvi ulioisha zamani, lakini bado unambana ndugu yako moyoni. Hiyo ni presha iliyobaki. Ifungulie kwenye Kitubio, umsamehe. Halafu kuna kutu: mazoea, simu za usiku. Hiyo haitoki siku moja. Inasuguliwa kila siku kwa sala na kwa kukwepa nafasi za dhambi. Waebrania 12:1 inatutaka tuweke mizigo kando ndipo tupige mbio.

Zoezi la wiki: kabla ya kulala jiulize, "Wapi panachemka?" Kisha mwone padre kabla ya Dominika.