Msamiati wa Sonona na Utafutaji wa Msaada Miongoni mwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu: Mifano ya Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili msamiati wa Kiswahili unaohusu sonona. Yanadai kwamba aibu inayomzuia mwanafunzi wa chuo kikuu kutafuta msaada imejengwa, kwa kiasi fulani, katika lugha anayoitumia. Anayezingatiwa ni mwanafunzi atokaye Shinyanga au ukanda wa dhahabu wa Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Awe anasoma Kizumbi au Mwanza, mara nyingi mwanafunzi huyo huishi kati ya lugha tatu: Kisukuma cha nyumbani, Kiswahili cha bwenini na zahanati, na Kiingereza cha darasani.

2.0 Ugonjwa na Mgonjwa

Tuangalie sentensi zifuatazo:

(1) a. Ana malaria.
    b. Ni kichaa.

Katika (1a), kuwa na humtenganisha mtu na maradhi. Alicho nacho leo, kesho chaweza kumtoka. Katika (1b), kitenzi kishirikishi ni humfanya mtu awe ndiyo maradhi yenyewe. Isitoshe, neno kichaa hutaja ugonjwa na mgonjwa pia, nalo lina umbo la KI-/VI- sawa na kipofu, kiziwi na kilema. Upatanisho wa kisarufi (Kichaa amekuja, si *Kichaa kimekuja) humrudishia mtu utu wake, lakini jamii haifuati upatanisho huo. Neno wazimu nalo lina uhusiano na mzimu. Hivyo si ajabu kwamba familia nyingi huanzia kwa waganga wa jadi, ambao Wasukuma huwaita bafumu. Hata jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, limegeuka tusi: “apelekwe Mirembe” ni kejeli, si rufaa.

3.0 Mawazo, Sonona na Jikaze

Bwenini ni nadra kusikia “nina sonona”; husemwa “nina mawazo”. Usemi huu una faida: unatumia kuwa na, tena hauna aibu. Kasoro yake ni kwamba kila mtu ana mawazo: mkopo uliochelewa, mtihani wa marudio, baba aliyetoka mikono mitupu kwenye duara la dhahabu. Kwa hiyo jibu huwa moja: “Jikaze.” Kiambishi -ji- humfanya mgonjwa awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, asipopona, kosa ni lake.

Neno sonona, lenye asili ya kitenzi, limekubalika kwa wataalamu wa afya, lakini linashindana na unyogovu, mfadhaiko na msongo wa mawazo. Istilahi zisizotulia haziwezi kumsaidia mwanafunzi kujieleza mbele ya mshauri.

4.0 Kuanzia Neno Lililopo

Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006. Bibi waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati na kutumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Matokeo ya jaribio lililochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa dalili zilipungua zaidi kwa waliopata huduma hiyo.

Kiswahili kina neno linalokaribiana na hilo: mawazo. Mshauri wa wanafunzi anaweza kuanza na (2b) badala ya (2a):

(2) a. Je, una ugonjwa wa akili?
    b. Mawazo hayo yamekuondolea usingizi tangu lini?

Kutoka hapo atauliza juu ya raha, hamu ya kula, uchovu na kujiona hufai. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9, huuliza hali ya wiki 2 zilizopita. Muda na uzito ndivyo vinavyotenganisha mawazo ya kila siku na sonona. Jina la sonona lije baada ya maelezo, pamoja na rufaa.

5.0 Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba istilahi huponya. Umaskini na uhaba wa wataalamu vingalipo. Hata hivyo, mgonjwa huingia zahanati kwa neno kabla ya dawa. Methali husema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo humlaumu anayeficha. Wanaisimu hawana budi kuuliza kama amepewa neno la kufichulia.