SOMO: KOO LA MTOTO NA MOYO WAKE



Watu wengi wanafikiri ugonjwa wa moyo ni wa wazee tu. Lakini kwetu Afrika kuna ugonjwa wa moyo unaokamata zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 15. Unaanzia kooni. Na mama anaweza kuuzuia.

1. Unakuja namna gani?

Moyo uko na milango minne midogo. Inafunguka na kujifunga kila moyo unapopiga, ili damu isirudi nyuma. Kijidudu kinachoitwa streptokoki kinaingia kooni mwa mtoto, na mwili unapigana nacho. Kwa watoto wengine mwili unakosea adui: nyuma ya wiki 2 au 3 unaanza kupiga viungo vyake na milango ya moyo. Viungo vinapona. Mlango wa moyo unaweza kubaki na kovu. Ugonjwa ukirudi, kovu linaongezeka.

2. Alama ni gani?

Kwanza: homa, koo linauma sana akimeza, shingo ina tezi, wakati mingi bila kikohozi wala makamasi.

Kisha: goti linavimba, linapona, halafu kiwiko kinashikwa. Mtoto anachoka upesi, anahema, ama mikono inachezacheza yenyewe. Hapana kusema ni ulozi. Mlete.

3. Tufanye nini?

- Mtoto mwenye alama za koo apelekwe kituo cha afya upesi. Penisilini inakinga moyo ikianza mbele ya siku 9 kupita.
- Akipewa vidonge vya siku 10, amalize siku 10, hata kama homa imekwisha siku ya tatu.
- Hapana kumkata kilimi. Kisu hakiui kijidudu. Kinaleta damu na uchafu.
- Kijidudu kinapita upesi pale watoto wengi wanalala pamoja. Fungueni dirisha.
- Kama penisilini iliwahi kumvimbisha, mwambie muganga.

4. Sindano ya kila mwezi

Mtoto ambaye ugonjwa huu ulimshika anapashwa kuchomwa penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Hapa ndipo wengi wanaachia njiani. Mtoto anacheza, anachota maji, na mama anasema: «Amepona, juu ya nini kumchoma tena?» Mama, sindano haifuti kovu la zamani. Inazuia kovu jipya.

Huko Gulu, Uganda, waganga walifuata kwa miaka miwili watoto wenye ugonjwa huu ungali mdogo, nao wakatangaza matokeo mwaka 2021. Kati ya 399 waliochomwa kila wiki 4, moyo ulizidi kuharibika kwa 3. Kati ya 400 wasiochomwa, kwa 33.

Tena, binti wa leo ni mama wa kesho. Mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu, na mlango wenye kovu unaweza kushindwa kazi hiyo. Binti wa namna hii amwambie mzalishaji tangu siku ya kwanza ya kliniki.

Mungu ametukabidhi watoto hawa. Tuwalinde.

MAULIZO

1. Kwa nini kumaliza dawa hata kama homa imekwisha?
2. Sindano inazuia nini?
3. Jirani yako ameacha sindano za mtoto. Utamwambia nini?