Supu isiyo "kali" wala "tamu": vivumishi viwili vya ladha katika Kiswahili

Makala haya yanachunguza matumizi ya vivumishi -kali na -tamu. Mifano yangu inatoka mezani, katika mkahawa mmoja wa Kithai jijini Nairobi, ambako nilikula vibaya na kulipa bei kamili.

1. Mazungumzo

Niliagiza tom yam. Katika Kithai, tom ni kuchemsha, na yam ni jina la vyakula vinavyochanganywa na ndimu na pilipili. Supu hiyo hutiwa pia mchaichai na mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Niliyoletewa ilijaa sukari, pilipili ilisikika kwa mbali, na ndimu haikuwamo. Nikamwita mhudumu:

(1) Mimi: Dada, supu hii si kali.
(2) Mhudumu: Pole. Nikuletee pilipili?
(3) Mimi: Nataka ukali wa ndimu. Tena supu yenyewe si tamu.
(4) Mhudumu: Mbona sukari imo?

2. Uchambuzi

Kivumishi -kali hutaja kinachokata au kuchoma: kisu kikali, jua kali, pombe kali, pilipili kali, ndimu kali. Nacho -tamu kina kazi mbili. Hutaja ladha ya sukari, na husifu chochote kinachopendeza: hadithi tamu, sauti tamu, samaki mtamu. Kithai hugawa eneo hilo kwa maneno manne: phet kwa pilipili, priao kwa ndimu, wan kwa sukari, aroi kwa sifa.

3. Je, Kiswahili ni maskini?

Wenzangu kadhaa darasani wangejibu ndiyo, na kwa hoja hiyo huchagua kuandika kuhusu upishi kwa Kifaransa. Siwaungi mkono, kwa sababu mbili.

Kwanza, maneno yapo. Tuna -chachu na -chungu. Chakula kisicho na ladha ni chapwa au dufu. Ndizi mbichi huacha ukakasi mdomoni. Chumvi ikifika kiasi chake, tunasema imekolea.

Pili, na hili ndilo kubwa, maana ya -kali huamuliwa na nomino. Ukisema "ndimu kali", hakuna anayefikiria pilipili. Ukisema Lubumbashi kwamba samaki uliyemla na bukari hakuwa mtamu, hakuna atakayekuletea sukari. Msikilizaji anakijua chakula, na ujuzi huo huchagua maana. Mbele ya tom yam msaada huo ulikosekana. Kwa Mthai, neno yam tayari limeahidi ndimu na pilipili. Mezani petu lilikuwa jina tu. Mhudumu alichagua maana zilizo za kawaida zaidi, na kwa sarufi hakukosea. Kosa la mpishi ni jambo jingine: ndimu haikuwamo.

4. Hitimisho

Kilichopungua mezani ni ujuzi wa pamoja wa chakula, si msamiati. Kwa hiyo kamusi zetu zisiishie kufasiri -kali kwa visawe. Zionyeshe kila maana inaambatana na nomino zipi. Naye anayetafsiri orodha ya vyakula vya kigeni ataje kinacholeta ladha: "supu ya ndimu na pilipili" ingemwambia mteja, mhudumu na mpishi jambo lile lile.